Chango lina majina mangapi?

Maneno haya niliyasema mbele ya kina mama baada ya swala ya alasiri, katika ua wa madrasa moja hapa Langoni, Lamu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Nilichoondoa ni maswali ya watu, maana kila mtu na siri yake.

Asalaam aleikum. Masalkheri mama zangu, dada zangu, wanangu. Na nyinyi wanaume wawili mliokaa kibarazani hapo nje mkijifanya mwangojea watoto watoke chuoni, masalkheri nanyi. Lenu lipo, nitalifikia.

Nimeitwa niseme juu ya tumbo. Si tumbo la juu, la vidonda na kiungulia. Hilo lina siku yake. Nasema tumbo la chini ya kitovu, kushuka kinenani, nyonga hii na nyonga ile. Tumbo linalouma wiki mbili, likatulia, likarudi, mpaka mwenyewe akalizoea kama jirani mwenye kelele.

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka 31. Nikimuuliza mgonjwa ana nini, mara nyingi nilijibiwa neno moja: chango. Mwanamwali wa miaka 14, chango. Mke aliyeolewa juzi, chango. Bibi wa miaka 60 aliyekwisha kuagana na hedhi zamani, naye chango. Nami nimeshika kalamu sijui niandike nini kwenye kadi. Nyinyi mna waume na ndugu mabaharia. Mtu akija kwa fundi akamwambia "chombo kimeharibika" akanyamaza, fundi atashika nini? Kimetoboka ubavu, au tanga limepasuka, au injini imeingia maji?

Neno lenyewe silicheki. Bibi zetu waliona kitu cha kweli: kwamba kuna maumivu ya tumbo yanayokwenda pamoja na kutoshika mimba, na yanayokuja na kuondoka kwa mwezi. Hilo waliliona bila kipimo hata kimoja. Ila walipokwisha kulipa jina, maswali yakafungwa hapo. Mtoto akilia, somo yake, kungwi wake, anamwambia, ndio uke huo, vumilia. Na mtoto anavumilia.

Hebu kila mmoja aweke kiganja chini ya kitovu. Msione haya, sote wanawake hapa, na wale wawili wanatazama njiani. Chini ya kiganja hicho, mbele, kuna kibofu cha mkojo. Nyuma yake kuna mfuko wa uzazi. Nyuma yake tena utumbo wa mwisho, unaobeba choo. Kulia na kushoto kuna mirija ya uzazi na vifuko vya mayai. Upande wa kulia chini kumening'inia kidole tumbo. Na kutoka juu, kwenye figo, yashuka mirija miwili ya mkojo. Vyote hivyo vimebanana, na vinachangia mishipa ya fahamu inayopeleka habari ubongoni. Ukipita chini ya wikio, kile chumba kilichovuka njia kutoka nyumba hii hadi ile, pale mtaa wa Mkomani ukasikia nyayo juu ya kichwa chako, hujui ni za nyumba ya kulia au ya kushoto. Basi na ubongo ni hivyo hivyo. Utumbo ukiwa na matatizo, mwenyewe atasema mfuko wa uzazi. Kibofu kikiwaka, atasema kiuno.

Kwa hiyo mnapokuja hospitali msiniletee jina. Nileteeni hadithi ya maumivu. Yalianza lini, yako wapi, yanakwenda wapi. Yanakuja siku gani za mwezi. Ukienda haja ndogo yanakuwaje, ukienda haja kubwa yanakuwaje, na mume akikukaribia yanakuwaje. Mnacheka. Mficha uchi hazai, wanangu, na hospitali huo usemi tunauchukua vile vile ulivyo.

Nianze na mkojo, kwa kuwa ndio rahisi. Mkojo unaowasha, unaokuita kila baada ya dakika kumi na ukienda ni matone, una harufu au una ukungu, na maumivu juu kidogo ya kinena: hayo mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo. Sisi wanawake njia yetu ni fupi, na iko karibu na njia ya choo, ndiyo maana nawaambia mabinti kila siku wajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Maji tunayokunywa ni machache. Joto lote hili la kaskazi, mtu tangu asubuhi amekunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, halafu amebana mkojo kwa kuwa yuko kwenye boti ya kwenda Mokowe, bara, au choo cha sokoni kinamkirihi. Mja mzito mwenye dalili hizo asikae nyumbani hata siku mbili, maana maambukizi hayo yakipanda figoni yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Homa, baridi na maumivu ya ubavuni ni alama kwamba yamekwisha kupanda. Na maumivu yanayotoka ubavuni kama kisu, yakashuka kinenani, mtu hawezi kukaa wala kulala, hayo huwa ni jiwe la figo linashuka.

Kuna kichocho. Hapa kisiwani mwaweza kusema hakituhusu, na kweli konokono anayekibeba haishi katika maji ya bahari. Lakini wangapi hapa wamezaliwa bara, au wameolewa kutoka huko Tana, Kilifi, Kwale, ambako watoto wanaoga madimbwini na mitoni? Vijidudu vyake vinaingia kwa ngozi, havisubiri mtu anywe maji. Mkubwa wao anakaa miaka mwilini akitaga mayai. Wengi mnajua ile alama ya damu mwisho wa mkojo. Wasilojua wengi ni kwamba mayai yale hukwama pia kwenye uke na kwenye mlango wa kizazi. Mwanamke akaumwa chini ya kitovu, akatokwa na uchafu, akavuja damu baada ya tendo la ndoa. Mume akiona hivyo anafikiria nini? Nimeona ndoa imevunjika kwa ajili ya konokono. Dawa yake ni prazikwanteli, inamezwa, wala si ghali. Basi mkiulizwa mlikulia wapi, msidhani muuguzi anapiga soga.

Sasa hedhi. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna maumivu ya mwezini ambayo ni ya kawaida. Yanaanza siku ya damu au siku moja kabla, yanakaa siku mbili tatu, chupa ya maji moto juu ya tumbo inayapoza, na brufeni ikimezwa mapema baada ya chakula inayatuliza, kwa asiye na vidonda vya tumbo. Mfuko wa uzazi unajikamua, ndiyo kazi yake. Lakini msichana anayekosa shule kila mwezi, anayetapika, anayezirai, ambaye maumivu yanaanza wiki nzima kabla na kubaki baada ya damu kukatika, ambaye akiwa mwezini haja kubwa inamliza, huyo si wa kuambiwa vumilia.

Nilikuwa huyo. Tangu nikiwa na miaka 15. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinipa mvuje, akanikanda kwa mafuta ya uto yenye moto, akaniandikia kombe, aya za Qur'ani zinazooshwa kwa maji, nikanywa. Nikawa muuguzi, nikavaa sare, na bado kila mwezi nilikuwa nafunga mlango wa chumba cha dawa nijikunje sakafuni. Daktari mmoja wa kiume, sehemu nisiyoitaja, aliniambia ukizaa utapona. Nikazaa. Sikupona. Nilipata jina la ugonjwa nina miaka 38, nimelazwa Mombasa, nimepasuliwa. Endometriosisi.

Nitawaeleza. Mfuko wa uzazi kwa ndani umetandikwa tando laini, ambalo kila mwezi linanenepa na kisha linatoka kama hedhi. Katika ugonjwa huu, tando la namna hiyo linaota mahali pasipo pake: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya mfuko, juu ya utumbo, kwenye kibofu. Huko nako linafuata mwezi, linavimba, linavuja damu. Ile ya kizazini ina mlango wa kutokea. Hii haina. Inabaki tumboni, inawasha, inafanya makovu, mpaka viungo vinagandana kama ngalawa zilizopakwa lami zikaachwa zikaukiana ubavu kwa ubavu. Shirika la Afya Duniani linasema ni karibu mwanamke 1 katika 10 wa umri wa kuzaa, kama wanawake na wasichana milioni 190 duniani. Wengi wao wanakaa miaka mingi kabla ya kuambiwa wana nini. Picha ya altrasaundi inaweza kutoka safi na ugonjwa upo, kwa hiyo mtu akikwambia picha ni nzuri basi huna kitu, muulize tena.

Hakuna dawa ya kuuondoa moja kwa moja. Kuna za kuutuliza: za maumivu, za homoni, na upasuaji kwa wengine. Na hapa kina mama mnisikilize. Binti ambaye hajaolewa akipewa vidonge ambavyo nyinyi mnavijua kwa uzazi wa mpango, si kwamba daktari amemtia maneno. Vidonge hivyo vinapunguza damu na maumivu. Ni dawa. Msivifiche kabatini mkangoja baba atoke safari.

Kuna msichana mwingine siwezi kumsahau. Miaka 15, wenzake wote wamevunja ungo, yeye bado. Kila mwezi tumbo la chini linamshika siku nne, tano, kisha linaachia. Baadaye likaanza kuvimba. Mtaani wakasema ana mimba. Akafungiwa nyumbani. Alipoletwa kwetu, kipimo cha ujauzito hakikuonyesha kitu. Tulipomtazama tukakuta utando wa bikira umeziba kabisa, hauna tundu, na damu ya miezi mingi imejaa nyuma yake. Operesheni yenyewe ni ndogo, ya kuufungua tu. Mama yake aliogopa bikira itapotea, tukamwitia bibi mmoja anayesikilizwa na mtaa mzima akazungumza naye, akakubali. Msichana alitoka siku ya pili anatembea wima. Wale waliosema ana mimba sikusikia wakisema kitu tena. Basi msichana mwenye maumivu ya kila mwezi na damu haioni, mpelekeni. Hali kadhalika msichana aliyekatwa na kushonwa huko alikotoka: mkojo na damu havina njia ya kupita vizuri, na yeye anaumwa tumbo. Mlete, hatukuleti polisi, tunataka kumtibu.

Nije kwa walioolewa. Kisonono na klamidia vinaingia kwa tendo la ndoa, na klamidia hasa inakuja kimya. Haina usaha mwingi, haina homa. Inapanda taratibu kutoka mlango wa kizazi mpaka mirijani. Huko ndiko inakoacha kovu, na mrija wenye kovu ni kama mkondo uliojaa mchanga. Dalili zikija ni maumivu ya chini pande zote mbili, utoko uliobadilika rangi au harufu, maumivu ya ndani wakati wa tendo, wakati mwingine homa. Yanaweza pia kuanza baada ya kujifungua au mimba kutoka. Tiba ni antibiotiki, kwa kawaida zaidi ya aina moja, hadi siku 14.

Siku 14, si vidonge vinne vya rangi mbili kutoka dukani. Wala si vile vilivyobaki kwa shoga yako. Mnameza siku tatu, maumivu yanapungua, mnasema yamekwisha, na wadudu waliobaki ndio wale wakali. Na mume lazima atibiwe, hata kama hana dalili, hata kama anaapa. Mwanamke akitibiwa peke yake anarudi nyumbani kuchukua ugonjwa ule ule. Nimewaona waliorudi mara tatu kwa mwaka, na kila mara hatari ya kukosa mtoto inazidi. Wanaume hapo kibarazani, mnanisikia? Mkeo akikuletea karatasi ya hospitali usianze kwa kuuliza ameipata wapi.

Mrija wenye kovu una hatari nyingine, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Yai lililorutubishwa linakwama mrijani, mimba inaota humo badala ya kizazini. Wiki ya 6, ya 7, ya 8, mrija unapasuka. Mwanamke ambaye hedhi imechelewa, au hata hajui kama imechelewa, anashikwa na maumivu upande mmoja, damu kidogo ukeni, kizunguzungu, na ajabu moja, maumivu kwenye ncha ya bega. Bega linauma kwa sababu damu iliyomwagika tumboni imefika chini ya kiwambo cha kifua. Huyo msimkande. Nawaomba kina mama mnaojua kukanda, mikono yenu nnaiheshimu, lakini tumbo la ghafla lenye kizunguzungu mikono isiliguse. Na kidole tumbo vile vile: kinaanza kuuma kitovuni, kinahamia kulia chini, hamu ya chakula inakatika, mtu hataki kunyoosha mguu. Hilo halikandwi wala halipewi haluli, dawa ya kuharisha.

Fibroidi mmezisikia sana, na naona zinatiwa hofu kuliko zinavyostahili. Ni uvimbe wa nyama ya mfuko wa uzazi wenyewe, na kwa sehemu kubwa sana si saratani. Utafiti mmoja wa Marekani ulikuta kwamba wanawake weusi wakifika miaka 50, zaidi ya 8 katika 10 wanazo, wengi bila kujua. Zikiwa kubwa zinaleta damu nyingi, uzito chini, kwenda haja ndogo kila mara. Zisipokusumbua, ziache. Uvimbe wa maji kwenye kifuko cha yai nao mara nyingi unaondoka wenyewe, isipokuwa kifuko kikijipinda. Hapo ni maumivu ya ghafla na kutapika, na ni mbio hospitali. Na wale wenye kichomi cha upande mmoja katikati ya mwezi, siku moja kisha basi, huwa ni yai linatoka. Huo si ugonjwa.

Halafu utumbo, ambao mnausahau. Nusu ya "chango" nililolipokea lilikuwa choo kigumu. Mkate wa mofa, wali, viazi karai, mchicha mara moja kwa wiki, maji haba, na Ramadhani ndio zaidi. Mtu anakwenda choo siku ya nne, upande wa kushoto umejaa, anauma. Papai, maharage, maji, kutembea; tumemaliza. Kuna wengine utumbo wao hautulii tu, mara kufunga mara kuhara, unauma na wakienda choo wanapata nafuu, na vipimo vyote safi. Hao nao wanaumwa kweli, si wazimu. Lakini choo chenye damu, au choo kilichobadilika mwenendo kwa wiki kadhaa kwa mtu mzima aliyepungua mwili, hicho kinataka daktari.

Wanaume, nimefika kwenu, na sitakaa. Uvimbe wa kinenani unaotoka ukibeba boriti za mikoko na kurudi ukilala, ni ngiri, ile mnayoiita mshipa. Ukikataa kurudi, ukawa mgumu na unauma, ni usiku huo huo hospitali. Na mzee anayeamka mara tano usiku, mkojo unatoka kwa kusuasua, aende akapimwe tezi dume. Akinyimwa mkojo kabisa asinywe maji eti yausukume.

Nibakie na bibi zangu. Mnasema tumefunga uzazi, hakuna kitakachotupata. Tumbo linalojaa kila siku kwa wiki tatu nne, kushiba kwa matonge mawili, kanga ya kiunoni haifiki, hilo si gesi mpaka daktari aseme ni gesi. Saratani ya vifuko vya mayai inajitangaza kwa namna hiyo ya upole. Na damu yoyote baada ya hedhi kukoma, hata tone, mje. Mlango wa kizazi tunauangalia kwa kitu mnachokijua jikoni: siki, iliyochanganywa kwa kipimo. Tunapaka, tunangoja dakika moja, sehemu yenye kasoro inageuka nyeupe. Ndio hivyo tu. Saratani ya mlango wa kizazi ikifika kuuma huwa imekwisha kwenda mbali, kwa hiyo anayengoja maumivu amechelewa. Chanjo yake inatolewa nchini tangu 2019, kwa wasichana kuanzia miaka 10.

Juu ya kombe na mvuje nimeulizwa na mtu kabla hatujaanza, kama hospitali wanakataza. Mimi nimekunywa kombe, na nikiumwa kesho nitakunywa. Kikombe cha kombe hakizuii kikopo cha mkojo. Nnachokataza ni kungojea.

Na kungojea kwetu hapa kuna hesabu yake. Aliye Langoni anakwenda hospitali ya King Fahd kwa mguu au kwa punda. Aliye Kizingitini, Faza au Siyu, kule kisiwa cha Pate, anahesabu maji. Yakitoka, boti yaweza kukwama na mgonjwa ndani. Basi mkiona maumivu ya ghafla yasiyopungua, tumbo gumu kama ubao, kuzirai, kutapika mfululizo, homa pamoja na maumivu, au mja mzito anaumwa na kutokwa damu, msiseme tutaona asubuhi. Ulizeni maji yanajaa saa ngapi, na nahodha aamshwe kabla yake.

Kwa wale wa maumivu ya siku nyingi, chukueni daftari la mtoto lililobaki kurasa. Miezi miwili, kila siku: lauma au haliumi, kiasi gani, damu ipo au haipo, choo vipi. Mstari mmoja tu. Asiyeandika amwambie mjukuu. Mkinijia na karatasi hiyo, nusu ya kazi mmekwisha kuifanya.

Meza ile yenye kitambaa cha kijani ina vikopo vya mkojo, jina linaandikwa juu, na choo kiko nyuma ya darasa. Mimi nitakuwa upande wa pazia. Anayetaka kusema la siri aje mmoja mmoja, hata kama ni kwa ajili ya shoga yake ambaye hakuja. Najua huyo shoga ni nani. Tunao muda mpaka adhana ya magharibi.